Nilinunua Mizabibu, Maji Sikuyanunua

Tangu nishuke mlimani sijamaliza kikombe kimoja cha chai mbele ya gereji bila kusimamishwa. "Nasoro, kweli unauza malori?" "Nasoro, watu wa jabali wamekufanya nini?" Wengine wamekwisha kunitangazia kwamba nimefilisika. Mimi, kufilisika! Mimi niliyeingia Omani, hapa Sur, na sanduku la spana na shati la mgongoni, na leo hakuna lori la maji linalopita mji huu ambalo injini yake sijaifungua kwa mikono hii. Basi nimeona niandike mara moja, msome, mpeane, mniache nifunge mizigo. Shule niliiacha Tabora darasa la nne, kwa hiyo msinitafutie nukta na mkato. Mambo ya vibali na ya kununua nayaruka, hayana utamu.

Kwanza mjue hivi: safari ilikuwa ya kifua cha Zuwena, mke wangu. Pumu yake mnaijua. Unyevu wa Sur ulikuwa unammaliza kidogo kidogo. Miaka alikuwa halali ila ameketi, mito mgongoni, na mimi pembeni nasikiliza kifua kikipiga filimbi. Hatua kumi uani, anashika ukuta. Daktari akasema, huyu mpeleke juu, kwenye hewa kavu. Mwingine angekodi chumba. Mimi nikanunua bustani ya mizabibu juu ya mlima wa Jabal Akhdar, na nyumba ndani yake, bila kuiona, kwa mkono wa dalali wa Nizwa. Mimi kitu nikikitaka sikodi.

Mpango wangu ulikuwa huu: nimpandishe, nimweke, nirudi kwenye gereji yangu, niwe napanda kumtazama. Sasa someni ulivyoharibika.

Sur mpaka Bidiyah

Tuliondoka jua halijawa kali, baada ya ugomvi. Zuwena alikuwa anapakia mbuzi ya kukunia nazi kwenye pikapu.

"Huko kuna minazi?" nikamwuliza.

"Hakuna."

"Sasa mbuzi ya nini?"

"Ya kukunia hizi." Akanionyesha gunia la nazi, limekwisha kukaa mahali pa mizigo yangu. "Na wewe umepakia sanduku la spana. Huko kuna gereji?"

Mke wangu ni mtoto wa Unguja mjini. Kushindana naye kwa maneno ni kama kusukuma lori lililotiwa breki. Nikafunga kamba. Juu kabisa nikaweka fungu kubwa la papa mkavu, zawadi ya watu wa huko, maana hakuna mtu wa bara ya Omani asiyependa papa wa Sur.

Kabla ya kufika Bidiyah tukapata pancha, mchanga mtupu huku na huku. Nimeshainua gari, likaja gari la Mbedui mmoja mzee. Akasimama. Akashuka. Akanitazama. Hakugusa hata nati moja. Akatandaza jamvi lake kivulini mwa gari lake, akakoka moto, akatia kahawa, akakaa ananiangalia tu.

Nikaona huyu amekuja kunikagua, anangoja nikosee acheke. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha gereji kwamba mimi nilibadilisha matairi ya lori la Bedford peke yangu kwenye matope ya Tabora, yeye akiwa anachunga mbuzi. Akatikisa kichwa kwa adabu, akanimiminia kahawa. Nilipomaliza akatugawia tende, akakunja jamvi, akasubiri injini yangu iwake, ndipo akaondoka.

Zuwena akanambia, "Umemfokea mtu wa watu. Hakuja kukutazama. Kaja kukaa na sisi, tusiwe peke yetu njiani."

Nikasema najua. Nilikuwa sijui.

Al Qabil, kwa Hemed

Hemed ni mtu wa Ujiji, tulipanda meli moja kuja Omani. Sasa ana shamba la mitende Al Qabil na tumbo la kutosha. Nilitaka tumsalimu tupite. Lakini Hemed alikuwa amesikia tunakuja, na mbuzi alikuwa bado hai anatutazama mlangoni, kwa hiyo nikajua siku imekwisha.

Wakati nyama inapikwa, wageni wake wakanishika.

"Mizabibu!" akasema Hemed. "Jamani, huyu mnayemwona alinifundisha mimi kusali sawasawa, leo uzeeni anakwenda kukamua mvinyo."

"Astaghfirullah," wakasema wote, huku wanacheka.

"Nitakausha," nikasema. "Nitakula. Nitatia siki."

"Siki! Ndiyo wanavyoanza wote, siki."

Tulikula wali na nyama mpaka mikanda ikalegea. Kisha ikaja desturi, na desturi ndiyo iliyotaka kuniulia mke. Huku mnajua, baada ya chakula na marashi chetezo hupitishwa, udi na ubani, kila mtu ajifukize, ndiyo ruhusa ya kuondoka. Upande wa wanawake chetezo kikamfikia Zuwena. Angeweza kusema mgonjwa. Lakini mtoto wa Unguja mjini akatae chetezo cha mwenye nyumba? Akakiingiza chini ya shela yake, akajifukiza kama bibi harusi.

Nilisikia mke wa Hemed anapiga kelele. Nikaingia upande wa wanawake bila hodi, na sijutii. Zuwena amepiga magoti, midomo imegeuka rangi, kifua kinavuta na hakipati. Tukamtoa nje chini ya mitende, nikampa dawa yake ya kupuliza, nikamshika mabega. Mke wa Hemed analia, "Nimemwua mgeni wangu, nimemwua mgeni wangu." Ilichukua muda mrefu mpaka akavuta pumzi ya kufika chini.

Neno lake la kwanza lilikuwa kwa yule mama. "Udi wako mzuri, dada. Wa wapi?"

Tukalala pale. Hemed hakunitania tena mizabibu. Asubuhi akanishika mkono dirishani mwa gari. "Mpandishe, ndugu yangu. Usisimame tena kwa mtu, hata kwa mfalme."

Ibra na Nizwa

Ibra nilisimama, maana ndiko alikotoka marehemu baba yangu kabla hajavuka kwenda Tabora kufanya biashara ya ngozi. Binamu yangu Said alituletea kahawa garini, kwa sababu nilikataa kushuka. Akanitolea maneno dirishani: kwa nini unatupita sisi ndugu zako ukaishi na watu wa jabali usiowajua? Halafu akauliza, "Na maji umeyaulizia?"

"Maji?" nikacheka. "Said, mimi ndiye maji. Nina malori matatu Sur, nusu ya mji inakunywa kwa mkono wangu."

Said akakusanya vikombe vyake. Baba zetu ni ndugu, na katika ukoo wetu mtu akishajisifu huachwa amalize. Tukashika njia ya Sinaw, halafu Izki, vumbi mpaka kwenye meno.

Nizwa tulifika soko limekwisha pungua watu. Dalali wangu alitukaribisha halua ya moto na kahawa, akanikabidhi ufunguo mkubwa wa chuma, akasema mabruk, hongera, ardhi nzuri, mizabibu mikongwe, majirani watu wa dini. Alisema kweli tupu. Hakuniongopea neno hata moja, na mimi sikumwuliza lile la kuuliza. Mtu wa Nizwa hawezi kudhani kuna binadamu asiyejua jambo lile.

Kupanda

Pale Birkat al Mouz barabara inakwisha na ukuta unaanza. Nasema ukuta. Waliochonga njia ile walikuwa wanajeshi, na nadhani walichonga kwa hasira. Mawe, kona, shimo la upande mmoja ambalo ukitupa jiwe hulisikii. Askari wa kizuizi cha njia alisogelea gari, akanusa, akapiga chafya.

"Umebeba maiti?"

"Papa wa Sur."

Uso wake ukafunguka kama mlango. Nikamkatia kipande kikubwa, akasema, "Panda kwa gia ndogo, usitazame chini." Kumwambia hivyo mtu kama mimi! Lakini nilipanda kwa gia ndogo, na sikutazama chini. Zuwena alifumba macho, akasoma Ayatul Kursiyyu kutoka kona ya kwanza hadi ya mwisho.

Juu akafungua dirisha. Baridi ikaingia, baridi ya kweli, tukiwa tumetoka kwenye joto la kukaanga mayai. Makonde yamepangwa kama ngazi kwenye ubavu wa jabali, kuta za mawe, mikomamanga, mawaridi yaliyokwisha chumwa, na mizabibu imetambazwa juu ya miti mpaka chini yake ni kivuli kizima. Kijiji chenyewe kimya. Nilisikia mtu anakohoa upande wa pili wa bonde. Jina la kijiji siwaambii, msije nyote.

Nyumba ilikuwa ya mawe na udongo, chumba cha chini na cha juu, na mbele yake bustani yangu. Zabibu bado mbichi, kama mbegu za mpapai. Nilitembea katikati yake mikono nyuma, kama gavana.

Asubuhi ya kwanza

Niliamka nikaogopa. Chumba kimya. Nikageuka, nikamwona Zuwena amelala chali, mto mmoja, mdomo umefungwa. Nikaweka mkono karibu na pua yake. Hewa ilikuwa inatoka na kuingia, polepole, bila filimbi. Nilikaa nikamtazama mpaka jua likaingia dirishani.

Nikatoka na furaha ya mtu aliyenunua kitu kizuri. Kando ya bustani yangu unapita falaji, mfereji wa mawe unaoleta maji ya chemchemi kutoka juu. Maji yanang'aa, yanapita, na mizabibu yangu imekauka miguuni. Nikachukua jembe, nikaondoa jiwe na matambara yaliyoziba mlango wa bustani yangu. Maji yakaingia. Nikasimama nayo yakinipita vidoleni.

Haukupita muda nikaona kofia zinakuja juu ya kuta. Mbele yuko mzee mmoja mwembamba, ndiye msimamizi wa falaji, wanamwita arifu. Hakunisalimia kwanza, na kwa watu wale hilo ni kofi. Akaingia maji mpaka vifundoni, akarudisha jiwe, akarudisha matambara, akayakanyaga.

"Hii ardhi yangu," nikamwambia.

"Yako."

"Na mizabibu yangu."

"Yako, Mungu akubarikie. Maji si yako. Maji ya saa hii ni ya mayatima wa nyumba ile."

Ndipo nilipoelezwa, katikati ya watu, jambo ambalo mtoto wa pale anazaliwa nalo. Kule ardhi huuzwa peke yake na maji peke yake. Kila nyumba ina zamu yake ya falaji, inayopimwa kwa kivuli cha kijiti kilichochomekwa mbele ya msikiti. Zamu hurithiwa, huuzwa, hukodishwa. Mwenye bustani aliyeniuzia alikuwa amekwisha muuzia mwingine zamu zake. Mimi niliyekulia Tabora, mvua inanyesha kwa tajiri na maskini, nilidhani anayenunua mti amenunua na kiu yake.

"Lakini mimi nina malori matatu ya maji Sur!" nikasema.

Wakatazamana. Kijana mmoja mwenye ndevu nyekundu za hina akasema, "Yalete."

Walicheka mpaka wakashikana. Arifu pekee hakucheka. Akaniambia maji ya kunywa na kupikia ni ya wote, nichote juu ya falaji wakati wowote. Ya bustani hakuna anayeuza msimu huu. Nikamtajia bei, nikaipandisha. Akasema, "Ndugu yangu, hata mimi mwenyewe ningekuuzia nini? Sina."

Siku zilizofuata majani yalianza kujikunja. Zuwena alikuwa anapumua vizuri kila siku kuliko jana, na mimi nilikuwa nanuna kila siku kuliko jana.

"Mie sikuja huku juu kwa ajili ya zabibu," akanambia.

"Mwanamume gani anakaa kutazama mali yake inakufa?"

"Basi usiitazame."

"Nitashuka kesho. Wewe baki."

Akasema taratibu, "Nibaki na nani? Kiarabu chao sikipati, wananisemesha nacheka tu kama mpumbavu. Ukishuka nashuka na wewe." Na kushuka maana yake mnaijua, kifua kurudi kwenye filimbi.

Anayekuna nazi

Asubuhi nilikuwa nafunga mizigo. Zuwena ameketi juu ya mbuzi yake mlangoni, anakuna nazi ya wali wa safari, kwaru kwaru kwaru. Mara tukasikia sauti njiani, ya kizee, na si ya Kiarabu.

"Hodi! Nani huyo anakuna nazi?"

Zuwena akasimama na kifuu mkononi. Mlangoni ameingia bibi mfupi, fimbo mkononi, amejitanda shela ya kijani, machozi yanamtoka wala hayafuti.

"Shikamoo, bibi," akasema Zuwena.

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Hebu kuna tena nisikie."

Akakuna. Bibi akakaa kizingitini akafumba macho. Alikuwa anaitwa Bibi Shinuna, mzaliwa wa Wete, Pemba. Mumewe alimleta huku baada ya mapinduzi, akafariki, na wanawe wako Maskati serikalini. "Lugha yangu nasema na kuku," akasema. "Na kuku wenyewe Waarabu."

Wali wa safari ukawa wa karamu, na papa wa nazi juu yake. Akala kidogo, akasema sana. Zuwena akacheka kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Kati ya maneno, bibi akanitazama mimi na kamba zangu.

"Na wewe baba, unakwenda wapi?"

Nikamweleza. Akapiga kofi.

"Basi wewe ndiye uliyefungua maji ya mayatima! Kijiji kizima kimecheka, mie sijui kama ni mwenzetu." Akageuka nje, akaninyooshea fimbo chini bondeni, kwenye rundo la mawe. "Ile ilikuwa bustani yangu. Mafuriko yalibeba ukuta, udongo wote ukashuka. Ardhi sina tena. Lakini zamu yangu ya falaji ninayo, jirani alikuwa anaikodi, na muda wake umekwisha."

Moyo wangu ukaruka. Nikataja bei.

"Nyamaza," akasema. "Nani kakuuliza bei? Zabibu za kula utanipa, na siki yangu. Maji nitakupa kwa sharti moja. Hapa wanakuja watu na magari Ijumaa, wanakula zabibu, wanashuka. Mie sitaki mtu wa Ijumaa. Nataka jirani. Mkae, nyote wawili, baridi na joto."

"Bibi, mimi nina gereji. Nitapanda kila juma."

"Basi kila juma njoo na galoni zako umwagilie."

Zuwena akainamisha uso kwenye sahani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Hakunisaidia hata kwa jicho.

Nikatoka nje. Nataka muelewe, gereji ile niliijenga kwa jasho, jina langu liko juu ya mlango kwa rangi nyekundu, na huko juu mimi ni mtu wa kuchekwa na ndevu za hina. Nilikaa ukutani. Ndani nawasikia wawili wale wanashindana habari za Pemba na Unguja, nani anapika vizuri, nani ana maringo, na mke wangu hapumziki kuvuta pumzi katikati ya neno. Nikainuka, nikafungua kamba.

Jioni hiyo Bibi Shinuna akanishika mkono mbele ya arifu na wanaume waliotoka msikitini, akasema, "Maji yangu ni ya huyu, maadamu anakaa." Arifu akauliza, "Unakaa?" Nikasema nakaa. Ndipo akanisalimia, salamu yote tangu mwanzo, afya, nyumba, watoto, habari za njiani, kama aliyeniona siku ile kwa mara ya kwanza.

Zamu yetu

Zamu ilitufikia kabla ya adhuhuri. Arifu akatazama kivuli cha kijiti, akaniinulia mkono kutoka mbali. Nikaondoa jiwe. Maji yakaingia kwenye konde la juu kabisa, yakazunguka shina la kwanza, la pili, ardhi inayanywa kwa sauti. Nikasimama nikajisahau. Konde likajaa, likavunja tuta, maji yakaanza kukimbilia njia ya watu.

"We Nasoro!" Zuwena ameona kutoka mlangoni, chini kabisa. Akaanza kupanda ngazi za mawe huku ananisema. "Maji ya amana hayo! Bibi wa watu kakupa kwa moyo wake, wewe unayamwaga njiani kama unaosha lori! Ziba huko! Si huko, huko! Hebu mtazameni, fundi mkubwa wa Sur, injini anaijua, tuta la udongo limemshinda! Na viatu vyangu hivyo umevaa, nani kakwambia uvae viatu vyangu!"

Konde la kwanza, la pili, la tatu. Hakushika ukuta. Hakusimama. Maneno yanatoka moja nyuma ya jingine, hayana mwanya, mpaka akanifikia juu, mkono kiunoni, na bado anayo mengine.

Bibi Shinuna alikuwa juu ya dari ya nyumba yake, anapiga fimbo chini kwa kicheko. "Mjibu mkeo, baba! Mjibu!"

Sikumjibu. Nilitaka aendelee.